Muulize Fundi wa Maji: Filta na Baridi Kali

Mwezi huu nimechagua maswali matatu na yote ni ya baridi, moja limetoka mbali kabisa, mawili ya hapahapa nyumbani. Tuanze na la mbali maana ndo lenye kazi.

Shikamoo fundi. Tunaishi Iowa, Marekani, nje kidogo ya mji. Maji yetu ni ya kisima, magumu kweli, sabuni haitoi povu, ndo maana aliyetuuzia nyumba alituachia softena (ile mashine ya kulainisha maji magumu), filta kubwa ya bluu na taa ya UV ya kuua vijidudu, vyote viko gereji ambayo haina hita, halafu jikoni chini ya sinki kuna RO, ile filta inayosukuma maji yapite kwenye utando mwembamba, ya maji ya kunywa. Mwaka jana mwezi wa kwanza kopo la filta lilipasuka na hatukujua, siku baridi ilipolegea tukakuta gereji imekuwa bwawa. Sasa Disemba tunakuja Dar wiki tano, mume wangu anasema tuzime kila kitu hadi hita ya nyumba tuokoe bili. Mi naogopa. Tufanyeje?
*Mama Watatu, Iowa*

Marahaba dada. Shemeji mwambie nimemsikia, bili inauma, ila hita asizime, ashushe tu mpaka 55 za Fahrenheit, yaani kama 13 zetu huku. Nyumba ikizimwa kabisa Iowa mwezi wa kwanza haiendi filta peke yake, yanaenda mabomba ya ndani ya kuta, vyoo, tenki la maji ya moto, na hela atakayookoa haitoshi hata kumlipa fundi wa kuja kuangalia tu.

Sasa la mwaka jana. Maji yakiganda yanavimba kama asilimia 9, na lile kopo limejaa pomoni halafu limefungwa kila upande, yaende wapi? Yanalipasua. Na linapasuka kimyakimya, kwa sababu barafu yenyewe inakuwa kizibo, siku inayeyuka ndo pampu ya kisima inaona presha imeshuka inaanza kusukuma, inasukuma weee, maji yanaishia sakafuni. Kwaiyo kabla hamjapakia mabegi zima swichi ya pampu na ufunge valvu kubwa. Hata kikipasuka kitu kitamwaga kilichokuwemo basi.

Halafu mwaga maji. Fungua koki ya juu kabisa ya nyumba na ya chini kabisa, hewa iingie huku maji yatoke kule, na tenki la presha la kisima nalo limwage. Kopo la filta fungua, kichujio cha ndani tupa, wiki tano kikikaa na unyevunyevu kitanuka, kopo likaushe uliache wazi. UV chomoa umeme kwanza, mwaga maji, ile glasi ndefu inayoifunika taa itoe taratibu na glavu mkononi, ni ya kuvunjika kirahisi na si ya bei rahisi.

Softena ndo watu wanajidanganya, eti lina chumvi haliwezi kuganda. Ni kweli kwa lile pipa la chumvi, maji yake yakiwa yamekolea sawasawa yanahimili mpaka kama nyuzi 21 chini ya sifuri. Lakini lile tenki refu la pembeni lenye vipunje vya kulainishia maji lina maji ya kawaida tu, na juu yake kuna kile kichwa chenye valvu na vigia, hicho kikipasuka utalia. Kulimwaga lote ni shughuli: unaweka baipasi, yaani maji yapite pembeni bila kuingia softena, unatoa presha, unafungua kichwa, unanyonya maji kwa mpira kupitia bomba la katikati, na bado vipunje vinabaki vimeshika maji. Mi ningekuwa nyie ningelipa fundi siku moja alihamishie besmenti, kile chumba cha chini ya nyumba, mambo yakaisha. Aliyeliweka gereji isiyo na hita, tena Iowa, sijui alikuwa anawaza nini. Na msije mkalizungushia blanketi mkasema tayari, blanketi linamfaa mwenye joto lake, tenki halina damu.

RO kwa kuwa iko jikoni na nyumba itakuwa na joto kidogo, funga koki yake, mwaga kitenki chake, acha milango ya kabati la sinki wazi ili joto lifike. Ila mjue membreni ya RO, yaani ule utando wake wa kuchujia, ina vituko viwili, haitaki kuganda na haitaki kukauka pia. Kama roho haitulii itoe, ifunge kwenye mfuko wa plastiki ikiwa na unyevu wake uweke kwenye friji. Friji, sio friza! (Kwa wale wa mjini mnaotumia maji ya mto, RO ikianza kutoa maji kwa kusuasua kipindi cha baridi si lazima iwe mbovu, maji ya baridi yanapita kwenye membreni kwa shida, kila nyuzi moja ikishuka unapoteza kama asilimia 3.)

Na ikitokea shemeji ameshinda kesi hita ikazimwa, kwenye ile mikunjo ya bomba chini ya masinki na kwenye vyoo huwa kunabaki maji, humo mnamimina antifriza ya pinki, yaani dawa ya kuzuia kuganda, ile wanayotumia kwenye magari ya kambi. Sio ya rejeta ya gari, ile ni sumu. Na hata hiyo ya pinki isipitishwe kwenye filta wala softena.

Mkirudi, fungua valvu kidogokidogo huku mtu amesimama gereji anaangalia, weka kichujio kipya, UV iwe inawaka kabla hamjanywa, na kitenki cha kwanza cha RO mwaga.

Mambo fundi. Mimi ni mwongoza wageni Mlima Kilimanjaro, njia ya Machame. Nina kale kafilta ka kubana, kenye vinyuzi ndani, nilipewa na mgeni. Juzi kwenye kambi ya Barafu kaliganda usiku ndani ya begi, asubuhi kakayeyuka na maji yanapita poa tu. Bado kazima?
*Wa Mlimani, Moshi*

Poa mdogo wangu. Hako kameshakufa, usimpe mgeni na wewe usinywee. Vile vinyuzi ni vimirija vyenye vitundu vidogo sana, maji yaliyobaki ndani yakiganda vinachanika, na huwezi kuona kwa macho. Maji kupita poa ndo inayonitia wasiwasi zaidi. Kapya ambako hakajawahi kuguswa na maji hakana shida na baridi, ila kakishalowa mara moja basi kila usiku lala nako ndani ya slipingi begi, mfukoni kabisa, maana hata ukikapuliza vipi maji hayaishi.

Kule Barafu hamna maji, mnabeba kutoka kambi ya Karanga, kwaiyo mi naona mchemshie hukohuko. Najua utasema juu maji yanachemka mapema, ni kweli, Barafu ni kama nyuzi 85 tu, lakini hizo zinatosha kuua vijidudu, acha yatokote dakika tatu. Na chupa ya usiku wa kilele geuza kichwa chini, barafu inaanzia juu, ukija kuifungua mdomo haujaziba. Hili la chupa nadhani wewe ungenifundisha mimi.

Fundi habari. Huku Makete mwezi wa sita na wa saba asubuhi nyasi ni nyeupe kwa barafu. Tuna ndoo ya filta ya udongo na tunatumia vidonge vya klorini. Kuna la kufanya?
*Mwalimu, Makete*

Nzuri mwalimu. Ndoo ya filta iingie ndani usiku, isilale barazani, ule mshumaa wa udongo, yaani kichujio chenyewe cha ndani, umejaa maji, ukiganda unapata ufa mwembamba kama unywele na hapo hauchuji tena. Vidonge navyo kwenye maji ya baridi vinafanya kazi polepole. Pakiti inasema nusu saa, huko kwenu mpe saa nzima, au chota jioni weka kidonge, mnywe asubuhi. Usiongeze kidonge cha pili, ongeza muda.