Rubani mwenzangu, ukiumwa usiruke

Marubani vijana wakinipigia simu, mara nyingi hawaniulizi habari za upepo wa Mwanza wala mawingu ya Kilimanjaro. Wananiuliza: "Kapteni, nikisema naumwa, wataniwekea alama mbaya?" Hofu hiyo naielewa. Kijana amesomeshwa kwa mkopo au kwa shamba la familia lililouzwa, muda wa majaribio haujaisha, na ofisi ya ratiba inamjua kwa jina na namba ya simu tu. Jibu langu halijabadilika tangu nikae kiti cha kushoto, kile cha kapteni: ukiumwa usiruke, na useme mapema. Likizo ya ugonjwa ya rubani ni kazi ya usalama, sawa na ukaguzi wa mafundi kabla ndege haijatoka.

Nianze na mafua, maana ndiyo yanayodharauliwa kuliko yote. Mhasibu mwenye mafua huenda kazini na leso yake na siku ikapita. Kwa rubani mambo ni mengine. Ndani ya ndege kubwa iliyo angani, hewa huwa nyepesi kiasi cha ile ya mlimani, futi 6,000 hadi 8,000. Mkipanda, hewa iliyo nyuma ya ngoma ya sikio hutanuka na kutoka yenyewe. Shida iko kwenye kushuka: hewa inatakiwa irudi kupitia mrija mwembamba unaounganisha sikio na koo, na mafua yameshauvimbisha. Ngoma inavutwa ndani, sikio linauma na kuziba, na wengine hupata kizunguzungu. Yakiziba na matundu ya mifupa ya paji la uso, maumivu juu ya macho huja ghafla na ni makali mno. Wenzetu wa Caravan, zile ndege ndogo za mbugani, wasidhani wamepona: kabini zao hazina shinikizo, kwa hiyo ukitoka futi 9,000 kwenda kutua Zanzibar, masikio yako nayo yanashuka futi zote hizo.

Niliwahi kuingia Dar es Salaam na rubani msaidizi aliyeshika paji la uso kwa mikono miwili, machozi yakimtoka. Redio, orodha za ukaguzi, usukani, vyote vikabaki kwangu, tena katika dakika zile ambazo kazi ni ya watu wawili. Tulitua salama. Nilimpeleka kwa daktari mwenyewe, na njiani akanieleza kwamba alijua tangu alfajiri kuwa hali si nzuri, ila mwezi ule aliitegemea posho ya saa za kuruka kulipa kodi ya nyumba. Sikuona sababu ya kumgombeza. Kampuni tuliyokuwa nayo ilikuwa imemwachia achague kati ya kodi na kichwa chake, na kwangu hilo lilikuwa kosa la walioandika utaratibu kabla ya kuwa la kwake.

Dawa nazo. Piriton, dawa ya mafua na mzio, unaipata kila duka la dawa kwa bei ndogo, na kila mmoja wetu ameimeza tangu utotoni. Inaleta usingizi na kupunguza wepesi wa akili, hata kwa mtu anayejiona yuko macho. Kwa dawa ya kundi hilohilo iitwayo difenihidramini, mamlaka ya anga ya Marekani inamtaka rubani angoje saa 60 baada ya dozi ya mwisho. Mefloquine ya malaria wanaikataza kabisa kwa marubani, kwa sababu ya inavyoweza kuvuruga akili. Kwa hiyo ukienda hospitali, neno la kwanza kumwambia daktari liwe kwamba unarusha ndege, na dawa uliyopewa mwulize daktari wa anga, yule anayepima afya za marubani, kabla hujairudia ratiba.

Hapa vijana wengi huchanganya karatasi mbili. ED, ile karatasi ya daktari ya kupumzika, inamwambia mwajiri kuwa huwezi kufanya kazi siku kadhaa. Cheti cha afya cha daraja la kwanza kinaiambia mamlaka kuwa mwili wako unafaa kwa leseni, nacho kwa kawaida hudumu miezi 12, au miezi 6 ukishavuka miaka 60. Anayerusha abiria peke yake bila msaidizi, miezi 6 inaanza akivuka 40. Cheti kuwa hai hadi Desemba hakukupi ruhusa ya kuruka leo ukiwa na homa. Kiambatisho cha 1 cha Mkataba wa Chicago, mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, kinakataza mwenye leseni kuitumia pale anapojua afya yake imepungua kiasi cha kuhatarisha usalama. Anayejua ni wewe. Meneja hawezi kukuhukumia hilo kwa simu, wala mwenzako wa kiti cha pili.

Kuhusu siku na fedha, soma sheria kabla hujaumwa. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, mradi uwe na cheti cha daktari. Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inaweka kiwango cha chini cha siku 7 kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu kila mwaka, baada ya miezi miwili ya kazi. Kampuni inaweza kutoa zaidi, ndiyo maana mkataba usomwe kwa utulivu. Angalia hasa posho: katika mikataba mingi posho ya kuruka husimama usiporuka, na kwa rubani kijana hiyo ni sehemu kubwa ya kinachoingia benki. Panga kodi na ada za shule kwa mshahara wa msingi. Uliza pia swali ambalo wachache huuliza: nikiumwa nikiwa nimelala Seronera au Kigoma, nani analipa hoteli na nani ananirudisha nyumbani?

Swali hilo nimelitoa kwenye ajali. Tarehe 12 Februari 2009, ndege ya Colgan Air safari namba 3407 ilianguka karibu na Buffalo, Marekani, wakafa watu 50. Ilikuwa Dash 8 Q400, aina ambayo Air Tanzania na Jambojet wanairusha. Uchunguzi ulisema chanzo ni kapteni kujibu vibaya onyo la ndege kupoteza mwendo, wala haukuyatwika mafua ya rubani msaidizi mzigo huo. Lakini kwenye rekodi ya sauti, rubani msaidizi, aliyesafiri usiku kutoka Seattle kuja kazini, anasikika akisema kuwa angejisikia hivyo akiwa nyumbani asingekuja, na kwamba akisema anaumwa sasa itambidi ajilipie hoteli hadi apone. Nikiisoma sehemu hiyo naumia bado. Mtu anayejua kuwa anaumwa asifike mahali akapiga hesabu ya chumba.

Ukipiga simu, piga mara tu unapojua, usisubiri saa moja kabla ya kuripoti ukitumaini utaamka vizuri. Wa zamu ya akiba naye anahitaji kuoga na kufika uwanjani. Sema kwa ufupi: "Siko fiti kuruka leo." Jina la ugonjwa mwachie daktari, ofisi ya ratiba hailihitaji. Wakikubembeleza uruke mzunguko mmoja tu, rudia maneno yaleyale kwa adabu, kisha tuma ujumbe wa maandishi wenye saa uliyopiga.

Ugonjwa mrefu unahitaji ujasiri zaidi, hasa ule wa moyo kuvunjika, kukosa usingizi, mawazo mazito. Tarehe 24 Machi 2015 rubani msaidizi wa Germanwings, shirika la Ujerumani, aliiangusha ndege kwa makusudi katika milima ya Alps ya Ufaransa, wakafa watu 150. Madaktari walikuwa wamemwandikia mapumziko. Karatasi zilikutwa zimechanwa. Wachunguzi wa Ufaransa wakaandika kuhusu hofu ya kupoteza leseni na kipato, na wakapendekeza hofu hiyo ipunguzwe. Tangu Februari 2021 kampuni za ndege za Umoja wa Ulaya zinalazimika kuwa na utaratibu wa marubani kusaidiana kwa siri. Wakubwa wa kampuni zetu, anzisheni wa kwenu. Hauhitaji jengo, unahitaji marubani wachache wanaoaminika na ahadi iliyoandikwa. Nawe kijana, ukiweza, kata bima ya kupoteza leseni ungali mzima, kwa sababu ukishaugua watakukataa au watauondoa ugonjwa huo kwenye bima.

Ukirudi, usirudi kimyakimya. Kama siku 90 zimepita bila kupaa na kutua mara tatu, kuna mazoezi ya kufanya kabla hujabeba abiria, na hata zikiwa chache, omba safari ya kwanza uwe na kapteni mwalimu. Mweleze asubuhi hiyo kwamba umetoka kuumwa, chagueni njia fupi, na atakayerusha kipande cha kwanza cha safari awe yeye.