Moto ndani ya chemba ya majaribio ya mawimbi: anzeni na moshi, maji au gesi baadaye

Mkuu, umeuliza kama chemba yenu mpya ya kupimia mawimbi ya redio, yaani chumba chenye kuta za chuma zisizopitisha mawimbi, iwekwe vinyunyizio vya maji au gesi. Kwa miaka niliyofanya kazi kwenye chemba hizi, naona swali la kwanza ni mtaugunduaje moshi.

Zile piramidi za ukutani ni sponji ya poliyurethani yenye kaboni. Kazi yake ni kumeza mawimbi na kuyageuza joto, nayo sponji haipitishi joto kirahisi. Antena ikisogezwa karibu mno huku amplifaya, yaani kikuza nguvu ya mawimbi, ikisukuma nguvu kubwa, joto hujikusanya katikati ya piramidi. Moto hufukuta humo muda mrefu kabla hujaona mwali, na moshi wake una kaboni monoksidi na sianidi ya hidrojeni. Dawa ya kuzuia moto iliyomo huchelewesha tu. Vigae vya feraiti, aina nyingine ya kimeza mawimbi, haviungui, ila kwa masafa ya juu havitoshi peke yake.

Kwa hiyo wekeni mfumo wa kufyonza hewa ya chemba hadi kwenye kitambuzi cha moshi, kitambuzi chenyewe kikae nje. Kikikaa ndani, mawimbi yatakifanya kipige kengele za uongo, na chenyewe kitachafua vipimo. Bomba la hewa, la plastiki, lipite kwenye mrija wa chuma uliounganishwa na ukuta kuzunguka mzingo wote ili mawimbi yasipenye, urefu wa mrija angalau mara 3 ya kipenyo. Mrija wa milimita 25 huanza kupitisha mawimbi kwenye gigahezi 7 hivi. Mkipima hadi gigahezi 18, tumieni mirija kadhaa myembamba. Maji msiyapitishe humo kamwe, maana yanashusha kikomo hicho karibu mara 9. Bomba la maji liwe la chuma.

Moshi ukihisiwa, amplifaya ijizime papo hapo. Hili nalisisitiza kuliko yote.

Sasa maji au gesi? Gesi huzima mwali, lakini kinachofukuta kinaweza kuwaka tena mlango ukifunguliwa, na kaboni dioksidi ya kutosha kuzima moto huua mtu. Mimi nachagua maji, kwenye mabomba yanayokaa makavu mpaka kitambuzi kiamuru. Sponji zitaharibika, sawa.

Halafu watu! Simu haishiki mtandao mle, na king'ora cha jengo husikika kwa shida. Wekeni king'ora na taa ndani, waya zipitie kwenye filta ya kuzuia mawimbi. Kama mlango unaendeshwa kwa hewa ya kompresa, kabla ya kuipokea chemba mwambieni fundi akate hewa hiyo mlango ukiwa umefungwa, mmoja wenu aufungue kwa mkono kutoka ndani.