4,294,967,297 si namba tasa

Ndugu, umesema 4,294,967,297 ni namba tasa, yaani isiyogawanyika bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Hapana, si tasa, ingawa nakuelewa kabisa kwa nini umedhani ni tasa. Inaishia na 7, na jumla ya tarakimu zake ni 59, kwa hiyo 2, 3 na 5 zote zinagonga mwamba. Lakini jaribu 641:

641 × 6,700,417 = 4,294,967,297

Hujakosea peke yako. Namba hii ni 2 kwa kipeo cha 32, ukijumlisha 1. Mwanahisabati Fermat aliamini ni tasa kwa sababu namba wenzake zilizotangulia (2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8 na 16, ukijumlisha 1), yaani 3, 5, 17, 257 na 65,537, ni tasa zote. Mwanahisabati mwingine, Euler, ndiye aliyeigawanya, mwaka 1732.

Kinachonifurahisha mimi ni njia ya kuifikia 641. Kigawo chochote tasa cha namba hii lazima kibaki na 1 ukikigawanya kwa 64. Basi anza na 65, ongeza 64 kila mara: 129, 193, 257, 321... Ukitupa zisizo tasa, unabakiwa na 193, 257, 449, 577, kisha 641. Majaribio matano tu kwa namba ya tarakimu kumi! Chukua karatasi ugawanye mwenyewe, utaona ya tano inaingia bila baki.

Hiyo 6,700,417 nayo ni tasa, kwa hiyo vigawo vyote ni vinne: 1, 641, 6,700,417 na namba yenyewe.