Ukitempa EN24 usiishie kwenye bluu

Kuna swali naletewa sana: shafti ya EN24, chuma cha aloi cha vipuri vya mashine, imehadeniwa vizuri (imepashwa ikazamishwa kwenye oili iwe ngumu), imepimwa ugumu kwa Rockwell namba ikatoka safi kabisa, halafu inaenda kukatika kavu ikipata kishindo. Mimi kabla ya yote nauliza, ulitempa, yaani uliipasha tena baada ya kuhadeni, nyuzi ngapi? Utasikia "hapo katikati, kama 300 hivi, ilipogeuka bluu", yaani mtu anaona 200 chuma kitabaki kigumu mno, 600 kitalainika, basi anagawanya. Sasa jamani hapo katikati ndo pabaya kuliko pote.

Iko hivi. Ukipasha EN24 mpaka nyuzi kama 840 za Selsiasi, kaboni yake, ambayo ni kama asilimia 0.4, inayeyukia ndani ya chuma, ukizamisha kwenye oili inanaswa humohumo haijapata muda wa kutoka na ugumu wote unatokana na hapo. Kutempa ni kuifungulia itoke, na ikitoka inashikana na chuma inakuwa chembe ndogo mno za kabaidi. Chembe hizo ziwe nyingi au chache sio hoja sana, angalia zina umbo gani na zimekaa wapi. Kwenye 200 hivi ni vichembe vimetawanyika, havina shida. Kuanzia kama 250 mpaka 400 inaanza kutoka simentaiti, yaani kabaidi ya chuma, na ile austeniti (umbo la chuma kikiwa cha moto) iliyosalia wakati wa kuzima kwenye oili nayo inavunjika, inaacha kabaidi nyembamba kama utando katikati ya vipande vya martensiti (kile chuma kigumu kilichonasa kaboni), ufa ukianza tu umeshapewa njia. Panda mpaka 550 au 650, simentaiti inajiviringa inakuwa vidonge, utando unaisha, ugumu unashuka ndio lakini chuma kinavumilia kishindo.

Kwahiyo pini au shafti ya kupigwapigwa mimi napeleka 550 kwenda juu, saa moja kwa kila inchi ya unene, na isikae usiku kucha baada ya kuzimwa bila kutempwa, inaweza kupasuka yenyewe. Kitu cha kusuguliwa tu bila kupigwa, bakia 200. Na Rockwell haitakuonya maana inapima ugumu basi, madhara ya utando huo yanaonekana kwenye jaribio la Charpy, ambapo kipande chenye mkato kinapigwa nyundo.

Rangi nazo, kama hiyo bluu, ni oksaidi ya juu ya chuma tu, ukichelewesha kwenye moto inafika bluu hata joto likiwa chini.

Atakuja mtu aseme mbona miguu ya magurudumu ya eropleni inatempwa 300. Ni kweli, ila ile ni 300M, chuma kingine, imewekwa silikoni kama asilimia 1.6 makusudi ili simentaiti ichelewe, EN24 haina hiyo.

Halafu kabla hujawasha tanuri soma cheti cha muuzaji, ikiwa imeandikwa EN24T imeshahadeniwa na kutempwa kiwandani, wewe chonga tu.