Aliyemchagua Mshauri

Mwanangu mpendwa,

Unauliza udhanaishi ni nini, na uanze na mwanafalsafa yupi kabla ya mtihani. Walimu wako wataanza na Kierkegaard wa Denmark, nao hawatakosea. Mimi ningeanza na kijana mmoja wa Ufaransa ambaye jina lake hatukuachiwa.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kijana huyo alimwendea mwanafalsafa Jean-Paul Sartre kuomba shauri. Kaka yake alikuwa ameuawa Wajerumani walipovamia mwaka 1940, mama yake hakuwa na faraja nyingine ila yeye, naye alitamani kwenda Uingereza kujiunga na Wafaransa Huru, waliokuwa wakiendelea kupigana na Wajerumani. Sartre, katika mhadhara wake wa Oktoba 1945, alisimulia jibu alilompa: uko huru, chagua. Alitoa na mfano: kisu cha kukatia karatasi hutengenezwa na fundi anayejua tangu mwanzo kitafanya kazi gani, lakini mtu, kwa maoni ya Sartre, huwapo kwanza, kisha matendo yake ndiyo yanayomuumba; hicho ndicho kiini cha udhanaishi. Ndiyo maana huwa nakwambia kwamba mtu ni alichofanya, si alichonuia.

Nilipoyasoma hayo chuoni nilikifunga kitabu, kwa kuwa maneno yale nilikwisha kuyasikia. Habari ya mguu wa bibi yako unaijua. Usilolijua ni kwamba barua ya chuo ilipofika nilimfuata Mjomba ufukweni, nikamwomba aniamulie. Alikuwa akishona jarife, uzi ameubana kwa meno. Aliutoa, akasema, "Miguu ya kwenda ni yako," akaubana tena. Nikaenda. Bibi yako alizikwa nikiwa katika chumba cha mtihani.

Kwa miaka mingi nilishikilia kwamba Mjomba alinikwepa, na yule mgonjwa ni dada yake! Baadaye nikaona aliniheshimu. Hata hilo halinitoshi, maana nilimwendea yeye nikijua hatanizuia. Ningetaka kuzuiwa, ningekwenda kwa Shangazi. Sartre naye aliliona hilo: anayechagua mshauri huwa amekwisha kukisia atakachoambiwa. Nilinuia kurudi likizo ya kwanza, lakini mtu ni alichofanya.

Kwenye rafu ya juu ipo riwaya ya Kichwamaji ya Kezilahabi, ya mwaka 1974, ambamo fikra hizi zinasema Kiswahili. Lile doa la chai ni lako.

Kuhusu kuacha sheria ili usome falsafa, jambo ulilolichomeka kwenye mstari wa mwisho, neno ninalo, nimeliandika mara mbili na kulifuta mara mbili. Ila nimeona kwamba umeniandikia mimi, hukumwandikia mama yako.

Baba yako