Kabla ya Kwenda Kutazama Ndege Watamu, Ulizia Maji

Mwaka wa kwanza nilipokwenda Watamu, pwani ya Kenya, kwa likizo ya Desemba, nilifika hori ya Mida, mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, saa tano asubuhi, siku ya bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa sana, nayo yalikuwa yamekupwa kabisa. Ndege walikuwa wametawanyika mbali juu ya tope, nami sikuona ila vidoadoa vikitetema katika joto. Nikavua viatu, nikaingia topeni ili niwasogelee, nikazama hadi magotini, na kundi zima likaruka kuelekea ng'ambo. Mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akikarabati ngalawa yake kando ya mikoko aliniita, na nilipomwamkia akaitikia, kisha akasema: "Mwanangu, hao hawafuatwi. Ngoja maji yajae, watakuja wenyewe."

Tangu siku hiyo sipangi matembezi ya pwani kwa saa ya mkononi. Maji yakikupwa, ndege hutawanyika kutafuta chakula. Yakianza kujaa, uwanja wao hupungua kidogo kidogo, nao husukumwa hadi ukingoni, mahali ambapo wewe umekwisha kukaa kimya na darubini yako. Fika saa mbili au tatu kabla ya maji kujaa. Kumbuka pia kwamba maji huchelewa takriban dakika 50 kila siku, kwa hiyo yakijaa saa tatu asubuhi siku ya Jumatatu, Alhamisi yatajaa karibu na saa tano na nusu. Wavuvi wa hapo watakueleza vizuri kuliko mtu yeyote, mradi uwaamkie kwanza.

Mahali ninapopapenda zaidi ni kwenye daraja la mbao linalopita katikati ya mikoko ya Mida. Lipa kiingilio kwa moyo mweupe, kwani fedha hizo husaidia karo za wanafunzi wa sekondari wanaoishi kandokando ya hori na msitu wa Arabuko-Sokoke, kupitia mpango wa shirika la uhifadhi la A Rocha Kenya.

Hapo ndipo nilipomwona kwa karibu ndege ambaye wataalamu humwita Dromas ardeola: mweupe, mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu, na mdomo mnene mweusi uliochongoka kama kisu. Alikamata kaa, akamtikisa mpaka gando likakatika, akamwangusha, akamwokota tena. Nyuma yake alikuwepo kinda mwenye rangi ya kijivu, mkubwa karibu sawa naye, akipiga mluzi bila kukoma mpaka akapewa. Ndege hawa hutaga yai moja tu ndani ya shimo wanalolichimba mchangani, katika pwani na visiwa vya upande wa Uarabuni, Oman ikiwemo, na mzazi huendelea kumlisha mwanawe hata baada ya safari ndefu ya kuja huku kwetu. Nilikaa nikiwatazama karibu saa nzima, na sijui matembezi mengine yaliyonifurahisha kiasi hicho.

Kwa ufuo wa wazi wa Watamu, nenda alasiri. Ufuo huo unatazama mashariki, na asubuhi jua hukupiga machoni ukiangalia baharini. Vaa viatu vyenye soli nene, kwa sababu matumbawe hukata, na usiende mbali juu ya mwamba bila kuangalia nyuma, maana maji hujaza kwanza mifereji iliyo kati yako na nchi kavu.

Majira mazuri ni kuanzia Septemba hadi Aprili. Ukiweza, nenda mwishoni, msimu wa upepo wa kusi unapokaribia, uwaone vitwitwi wenye mdomo uliopinda wakigeuka kifua kuwa rangi ya tofali kabla ya kurudi Siberia kuzaa. Wakati huo ndipo ninapowasihi sana wageni wasiwakimbize wala kuwaachia mbwa wao, kwa sababu ndege hao wanajaza mafuta mwilini kwa safari ya maelfu ya kilomita, na kila wanaporushwa hupoteza sehemu ya akiba hiyo. Ukiona ndege ameacha kula na kuinua kichwa, umekwisha kumkaribia mno: rudi nyuma hatua kumi polepole, uchuchumae, usubiri mpaka ainamishe tena mdomo wake topeni.