Sukari ya damu: maabara 10, mashine ya nyumbani 8.9. Je, mashine ni mbovu?
Hapana, tofauti hiyo pekee haimaanishi mashine ni mbovu. Kiwango cha kimataifa cha mashine za kupima sukari, ISO 15197 cha mwaka 2013, kinataka vipimo 95 kati ya 100 visipishane na maabara kwa zaidi ya asilimia 15, sukari ikiwa kuanzia takriban 5.6 mmol/L (milimoli kwa lita ya damu). Yaani 10 halisi inaweza kusomeka 8.5 au 11.5. Kinachopotosha zaidi ni vidole visivyooshwa. Utomvu wa tunda tu hupandisha namba sana. Nawa kwa sabuni, kausha, pima tena. Mwenye upungufu wa damu amwambie daktari, kwani mashine nyingi humsomea juu. Ukihisi dalili za sukari kushuka na mashine inasema uko sawa, tafadhali usizipuuze dalili.